Kipini bila kutoga pua: pete ya waya, kijiwe cha gundi, kibano cha nakshi ama sumaku?

Wapo wanaotaka kipini cha Ijumaa na Jumamosi tu, Jumatatu kazini kisionekane. Wapo waliokatazwa kutoga na mama ama mume, wapo wanaoogopa sindano, na wapo walioamua kutoga ila hawajui kama pua yao ni ya pete ama ya kijiwe, ya kulia ama ya kushoto. Wote hutaka kipini cha bandia cha kujitengenezea, na njia zinazofanya kazi kweli nyumbani ni nne: pete ya waya inayobana ukingo wa pua, kijiwe cha kubandika kwa gundi, kibano cha nakshi kinachopanda juu ya bawa la pua, na kipini cha sumaku. Wengi huchagua kwa kutazama picha. Ni afadhali kuchagua kwa kuhesabu saa utakazokivaa, na jasho utakalotoka katika saa hizo.

## Mambo ya kupima kwanza

Umbali wa macho ni la kwanza. Pambo linalodanganya kamera ama wageni wa meza ya pili harusini huenda lisimdanganye aliyekaa ubavuni mwako kwenye matatu. Amua ni nani unataka aamini. Pambo moja kati ya haya manne halijali kabisa kuaminiwa, na hilo si kasoro.

Jasho ndilo linaloamua mengi hapa Mombasa. Januari hadi Machi joto hupita nyuzi 30, hewa imejaa unyevu wa bahari, na pua, ambayo hata siku ya baridi hutoa mafuta kuliko sehemu nyingi za uso, huwa inang'aa kabla ya saa nne asubuhi. Maelezo mengi ya gundi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kinachoshika kutwa nzima kwao huweza kukuachia ungali kwenye msongamano wa feri ya Likoni.

La tatu ni ngozi yako. Adui mkubwa ni nikeli, madini yanayochanganywa ama kupakwa kwenye mapambo mengi ya bei ya chini. Mwenye mzio nayo huwashwa na kutoka vipele, na kwa kawaida dalili hazitokei papo hapo bali siku moja ama mbili baadaye, ndiyo maana watu hulaumu sabuni ama poda. Kama hereni za rahisi zimewahi kukuwasha masikio, ama kifungo cha jinzi kimewahi kukuachia vipele chini ya kitovu, jihesabu kuwa unao mzio huo.

La nne: nini kimeingia ndani ya tundu la pua, na kikichomoka kitakwenda wapi? Pambo linalokaa nje tu likianguka huanguka sakafuni. Lenye kipande cha ndani huweza kuvutwa na pumzi.

La mwisho ni nguo na ibada. Nikabu, mtandio na ushungi hunasa ncha za waya. Na anayetawadha hupandisha maji puani na kuosha uso mara kadhaa kwa siku, kwa hivyo pambo lisiloondoka upesi litamchosha. Bei hatuipimi kwa undani kwa sababu zote nne ni nafuu. Sumaku ndiyo hugharimu zaidi kidogo na waya ndio rahisi kupita zote.

## Pete ya waya

Vifaa. Waya wa unene wa 0.8 mm, ambao wauzaji wa vifaa vya shanga huuita geji 20. Pete moja hula sentimita 3, lakini kata vipande kadhaa virefu zaidi, vya kutosha kuzunguka penseli mara mbili, kwa sababu ya kwanza haitoki sawa. Koleo la mdomo mwembamba, koleo la kukatia ama kikata kucha kikuukuu, tupa ya kucha, na penseli ya kawaida.

Waya gani? Stenlesi ni mgumu kukunja lakini ukishakubali umbo hauliachi, na haugeuki rangi. Fedha halisi hukunjika vizuri na ngozi nyingi huivumilia. Sonara anayekufahamu anaweza kukukatia kipande. Shaba njano ina rangi ya dhahabu, ila ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na jasho lenye chumvi huila shaba hiyo ikaacha alama ya kijani. Hiyo kijani si ugonjwa, huoshwa kwa sabuni, lakini puani haipendezi.

Waya wa stima ndio unaowapoteza wanaoanza. Ule wa milimita mraba 1.5 uliotumika kwenye taa za nyumba una unene wa karibu 1.4 mm, na puani huonekana ndoana. Nyuzi za ndani za waya wa mtandao wa kompyuta zina kama 0.5 mm: mmoja mmoja ni laini mno, lakini miwili ikisokotwa pamoja hutoa kamba ndogo nzuri sana. Klipu za karatasi na pini za nguo ziache. Nyingi zimepakwa nikeli ama zinki, na ukishazikata, pale palipokatwa huanza kushika kutu.

Kutengeneza. Anza kwa kupima. Shika uzi, upande mmoja kwenye ukingo wa chini wa bawa la pua, upande wa pili pale tundu lingekuwa kama ungetoga, yaani karibu na mfereji unaozunguka bawa. Kwa wengi umbali huo ni kati ya milimita 6 na 8. Pete yenye kipenyo cha ndani kinachozidi umbali huo kwa milimita 2 hivi hukaa vizuri. Ikizidi sana huning'inia, ikipungua hukandamiza ukingo.

Zungushia waya kwenye penseli, yenye unene wa karibu milimita 7, mizunguko miwili kamili. Ukiuachia, waya hujifungua kidogo na kufikia kama milimita 8, na waya mgumu zaidi kama stenlesi hujifungua zaidi. Kata mzunguko mmoja na uache kijisehemu cha ziada cha milimita 4. Sasa fanya ncha mbili zisizofanana, na hapa ndipo siri yote ilipo. Ncha ya ndani ya pua ikunje iwe kijiduara kilichofunga kabisa, ili kinachogusa ngozi laini ya ndani kiwe mgongo wa waya badala ya mkato wake. Ncha ya nje usiikunje. Ipige tupa pande zote mpaka iwe butu na ya mviringo, kisha ielekeze iguse ngozi ikiwa imesimama, kana kwamba inaingia ndani. Pete nyingi za bandia hujulikana kwa sababu ncha ya nje imekunjwa kijiduara pia, na hakuna pete ya kweli yenye kijiduara kama hicho juu ya ngozi. Asiyeweza kuifanya ncha iwe laini vya kutosha aichomekee ushanga wa milimita 2 na tone la gundi ya epoksi, aache usiku kucha ikauke.

Acha mwanya wa milimita 2 kati ya ncha hizo, halafu rekebisha. Ukipanua ama kubana, usivute ncha kwenda kushoto na kulia, maana duara litageuka yai. Peleka ncha moja mbele na nyingine nyuma, kama unavyofungua mlango, kisha zirudishe.

Kuvaa: ingiza kwa mbele, ambako ukingo wa pua ni mwembamba, kisha isogeze taratibu kurudi nyuma hadi mahali pake.

Inavyoonekana. Ikikaa sawa, ndiyo inayodanganya zaidi kwa aliye karibu. Mwanga hupita chini yake na kivuli chake kiko pale pale kivuli cha pete halisi kingekuwa.

Jasho na udhu. Jasho halina la kuifanya zaidi ya kuitelezesha kidogo. Kuitoa ni sekunde mbili na kuirudisha ni tano, hivyo anayetawadha haimsumbui.

Inapoharibika. Ikibana mno, ngozi hupauka. Vaa kwa dakika kumi kisha itoe: alama inayotoweka upesi haina neno, lakini mstari mweusi ama mwekundu unaobaki unasema panua mwanya. Ikiwa legevu, chafya moja itaiondoa. Shaba nyekundu na fedha laini hulegea baada ya kuvaliwa mara nyingi. Weka pete kwenye chuma bapa uigonge polepole kwa nyundo ndogo, waya utakuwa mgumu. Kinyume chake, waya uliokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukakamaa na kukatika ghafla, kwa hivyo ukiona ufa mdogo kwenye mgongo wa pete, itupe. Wengine hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kuzuia ukijani. Husaidia siku chache, hubanduka kuanzia kwenye ncha, na wapo ambao ngozi yao huikataa rangi yenyewe.

Inamfaa nani. Anayetaka kuvaa mara kwa mara, anayetoka jasho sana, na anayetaka kuaminiwa na aliye karibu. Haimfai mwenye ukingo wa pua mnene sana na mfupi, kwa sababu pete haipati pa kushika, wala aliye na mafua.

## Kijiwe cha gundi

Vifaa. Vijiwe bapa vya kucha vya milimita 2. Kwenye pakiti hizo huwa na alama SS6. Gundi ya kope za bandia, spiriti, pamba, na kikoleo kidogo cha nyusi. Anayetaka kipini cha dhahabu badala ya kijiwe anaweza kuchukua hereni ndogo ya mtoto yenye ua, akakata mguu wake na kupiga tupa mgongo mpaka uwe bapa kabisa, pasibaki hata kisiki. Na ukiingia maduka ya bangili na nguo za Kihindi mjini, utapata tika ndogo za kubandika kwenye paji la uso ambazo tayari zina gundi yake.

Supaglu na gundi ya kucha za bandia hazina nafasi hapa. Zote ni za familia moja, hutoa joto zinapokauka, na hushikana na ngozi kiasi kwamba kubandua ni kuchuna. Kuhusu gundi ya kope, soma pakiti: nyingi zina lateksi, na mwenye mzio wa lateksi atafute isiyo nayo. Jaribu tone upande wa ndani wa mkono siku mbili kabla ya kulipeleka usoni.

Kutengeneza. Osha pua kwa sabuni, kausha, pitisha pamba yenye spiriti, subiri ikauke. Hakuna mafuta, losheni wala fandesheni chini ya kijiwe. Vipodozi hupakwa baadaye, kuzunguka. Weka tone la ukubwa wa kichwa cha pini mgongoni mwa kijiwe. Sasa subiri. Sekunde 30 hadi 45, mpaka gundi ianze kunata. Anayebandika gundi ikiwa maji hukiona kijiwe kikiteleza hadi mdomoni, naye hudhani gundi ni mbaya. Bandika, kandamiza kwa nusu dakika kwa upande wa nyuma wa penseli, na usicheke wala kukunja pua kwa dakika mbili.

Mahali ni muhimu. Ndani kabisa ya mfereji wa bawa ngozi hukunjika kila unapotabasamu, na kijiwe hung'oka. Kiweke milimita moja ama mbili kando ya mfereji, upande wa bawa. Na usishawishike na kijiwe kikubwa: cha milimita 2 hulala juu ya mviringo wa pua, cha milimita 4 hubaki na kingo zilizoinuka, na ukingo ulioinuka ndio unaonasa mtandio.

Kinavyoonekana. Kama kipini kidogo cha kweli, hata kwa karibu, mradi gundi isionekane pembeni. Gundi iliyofurika huvuta vumbi na poda ikawa duara jeupe. Isafishe kwa ncha ya pamba kabla haijakauka.

Jasho na udhu. Hapa ndipo penye udhaifu wake. Jasho na mafuta hupanda kutoka chini ya gundi yenyewe, si kutoka nje, kwa hivyo hata ukipaka tabaka juu haikusaidii. Ndani ya ukumbi wenye AC utakaa nacho jioni nzima. Kwa kutembea Kongowea saa saba mchana, beba kijiwe cha akiba na gundi kwenye pochi. Nayo gundi huzuia maji kufika ngozini, hivyo anayetawadha hukibandua kila mara, jambo linalokifanya kiwe cha baina ya Isha na kulala, ama cha siku asizoswali.

Kinapoharibika. Kijiwe huzimika kabla ya kung'oka: maji yakiingia nyuma, ile karatasi ya fedha inayokipa mng'aro hubanduka na kijiwe kinakuwa kijivu. Kukitoa, paka mafuta ya nazi, subiri dakika mbili, kisukume kwa kidole. Usikikwangue kwa ukucha.

Onyo kuhusu tika: gundi ya baadhi yake ina kemikali za jamii ya fenoli ambazo madaktari wa ngozi wamezihusisha na mabaka meupe pale tika inapobandikwa kila siku. Kuvaa mara moja moja ni tofauti na kuvaa kila siku mahali pale pale. Ukiona ngozi inapauka ama inawasha, acha mara moja, kwa sababu rangi iliyokwenda hurudi polepole na pengine isirudi yote.

Kinamfaa nani. Wa picha, wa sherehe ya saa chache, mwenye watoto wadogo nyumbani, na kila asiyetaka kitu ndani ya tundu la pua. Hakimfai mwenye chunusi ama kidonda mahali hapo, wala wa kutwa nzima juani.

## Kibano cha nakshi

Hiki ni pambo la waziwazi. Waya hupanda kutoka ndani ya pua, hupita ukingo na kulala juu ya bawa ukiwa na msokoto, ushanga ama ua. Hakuna atakayedhani umetoga, na hakuna atakayeuliza.

Vifaa. Waya wa shaba njano ama wa fedha wa 0.8 mm, sentimita 8. Kwa nakshi nzito tumia wa milimita 1. Koleo la ncha za mviringo, kijiti cha meno, tupa, na ukipenda ushanga mmoja wa milimita 3.

Kutengeneza. Piga tupa ncha ya kwanza kabla ya kukunja chochote, maana baadaye hutaifikia. Shika ncha ya kwanza kwa koleo na uisokote ilale bapa kama konokono, mizunguko miwili na nusu, upana wa milimita 5 ama 6. Acha shina lililonyooka la milimita 8 hadi 10. Ushanga, kama upo, unaingia hapa. Kunja waya juu ya kijiti cha meno upate umbo la U lenye mwanya wa milimita 2 hivi. Mguu wa ndani uwe milimita 6 tu na umalizikie kwenye kijiduara kilichofunga. Kata kinachobaki na upige tupa mkato wake kabla ya kufunga kijiduara.

Kosa la kawaida ni kuufanya mguu wa ndani uwe mrefu ili kibano kishike zaidi. Hakishiki zaidi, kinachokwaruza ndani ndicho kinachozidi. Nguvu ya kushika inatoka kwenye mkunjo wa U, na ukitaka iongezeke, gonga mkunjo huo polepole kwa nyundo ili waya ukakamae.

Kinavyoonekana. Kwa mbali na kwenye picha hupendeza kupita vyote vingine, hasa ukilinganisha rangi na bangili ama hereni. Pinda msokoto kidogo ufuate mviringo wa bawa; ukibaki bapa kabisa utasimama kando na pua kana kwamba umeazimwa.

Jasho na udhu. Hushika vizuri, kwa sababu kinagusa ngozi kwa eneo pana kuliko pete na hivyo hakihitaji kubana kwa nguvu. Hutoka na kurudi upesi. Shaba itaacha ukijani mpana zaidi ya ule wa pete, kwa sababu hiyo hiyo ya eneo.

Kinapoharibika. Nikabu. Uzi mmoja ukiingia kwenye msokoto, kuvua kwa haraka ni kuvuta pua. Sokota mizunguko ikaribiane isiache nafasi, ama uijaze kwa tone la epoksi upande wa nyuma. Nakshi nzito pia huvuta kibano mbele, kikainama. Punguza ushanga kabla ya kubana zaidi.

Kinamfaa nani. Mpambaji wa bi harusi, mpiga picha, na anayependa pambo kwa ajili ya pambo.

## Kipini cha sumaku

Vifaa. Vidonge viwili vya sumaku ya niodimiamu, kipenyo cha milimita 3, unene wa milimita 1 kwa cha nje na 1 hadi 2 kwa cha ndani, kijiwe bapa, gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Sumaku za spika za zamani ni kubwa mno, na ukizivunja zina kingo kali.

Kutengeneza. Kazi ni ndogo. Zitambue pande zinazovutana na uziwekee alama ya kalamu. Gundisha kijiwe kwenye upande *usiotazama* ngozi, acha saa 24. Ukikosea upande, vidonge vitasukumana; geuza tu kile cha ndani. Safisha kwa sabuni na spiriti. Usizichemshe, kwa sababu sumaku za kawaida za aina hii huanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 80.

Kinavyoonekana. Safi sana, bila gundi wala waya.

Jasho na udhu. Jasho hulainisha ngozi na kidonge cha nje huteleza, ila hakidondoki kwa urahisi. Kwa udhu hutolewa, na wakati wa kutoa na kuvaa ndio vidonge hupotea: kimoja kikianguka sinkini kimekwenda.

Kinapoharibika. Hapa tusifiche. Kidonge cha ndani hakijafungwa na chochote isipokuwa nguvu ya mwenzake. Cha nje kikinaswa na mtandio, cha ndani kiko huru ndani ya pua na pumzi inayofuata huweza kukivuta. Sumaku mbili zikimezwa hutafutana ndani ya utumbo, hubana kuta zake katikati na huweza kuutoboa. Hilo ni la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, bila kungoja maumivu. Kuvaa vipini vya sumaku pande zote mbili za pua ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu vidonge vya ndani huvutana kupitia ukuta wa kati wa pua na kuukosesha damu, navyo vikishashikana huwa vigumu kutoa. Ongeza kuwa sumaku hizi kwa kawaida zimepakwa nikeli.

Kitu chochote kikikwama puani, usikichokoe kwa pini wala kuvuta pumzi kwa nguvu kupitia pua. Pumua kwa mdomo, ziba tundu la upande wa pili, piga pua polepole. Kisipotoka, ni kazi ya daktari.

Kinamfaa nani. Mtu mzima, kwa saa moja ama mbili, upande mmoja, nyumba isiyo na watoto wadogo, bila mtandio karibu na pua. Orodha ni fupi, lakini wapo wanaoitimiza.

## Chagua kwa hali yako

Unafanya kazi ya zamu hotelini ama benki, na kipini ni cha jioni: pete ya waya, ndani ya kikebe kidogo kwenye mkoba. Vaa ukishatoka.

Una harusi na utapakwa vipodozi vizito: kibano cha nakshi, kwa kuwa hakijali kilichopakwa chini yake. Ukitaka kijiwe, mwambie anayekupamba aanze na kijiwe ndipo aje na fandesheni. Wengi hufanya kinyume, halafu bibi harusi huonekana na kipini kwenye picha za mwanzo tu.

Unavaa nikabu na unataka kipini cha nyumbani ama cha mkusanyiko wa wanawake: pete yenye ncha iliyopigwa tupa vizuri, ama kijiwe kidogo. Kibano kivae ukishafika na kuvua nikabu.

Ngozi yako hukataa madini: kijiwe cha kioo ama cha plastiki kwa gundi uliyoijaribu mkononi. Ngozi hukataa gundi pia? Basi pete ya fedha halisi, na uanze kwa nusu saa.

Una mafua, chunusi puani, ama ngozi iliyochubuka: hakuna hata kimoja mpaka upone. Na uwe na afya ama mafua, pambo la ndani ya pua haliazimwi, hata kwa dada yako.

Unataka kujaribu kabla ya kutoga: tengeneza pete mbili, ya kipenyo cha milimita 8 na ya 10, uvae kila moja pande zote mbili kwa nyakati tofauti, ukijipiga picha ya mbele na ya ubavu. Kisha weka kijiwe pale pale ncha ya nje ya pete iliyokupendeza inapogusa, upige tena. Unapokwenda kutogwa nenda na picha hizo na kipimo cha pete. Tundu la pua huchukua miezi 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi, kupona, na muda wote huo upande ule usibanwe kwa waya wala usipakwe gundi.